Harusi ya vuli Nairobi: jua la utosi, mijakaranda na mvua ya jioni

Vuli yetu haina majani mekundu. Ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na kabla hazijakolea, mijakaranda ya Nairobi, miti ya maua ya zambarau, huwa imeshachanua tangu mwisho wa Septemba. Maharusi wa msimu huu huuliza kwanza watapigwa picha wapi penye maua. Afadhali waanze kuuliza saa ngapi, kwa sababu mahali pazuri kwa saa mbaya hutoa picha mbaya.

Katikati ya Oktoba jua la Nairobi hufika utosini kama saa 6:20 mchana, nyuzi 83 hivi juu ya upeo. Kivuli cha paji la uso huangukia macho yakawa mashimo, na chini ya pua hutokea weusi kama sharubu. Bahati mbaya ndiyo saa watu wanamiminika kutoka kanisani, na kila shangazi anataka picha ya ukoo. Usiwapange juani. Wasogeze kwenye ukingo wa kivuli: baraza ya kanisa, mdomo wa tenti, ubavu wa jengo, nyuso zikitazama kule kwenye mwanga. Sakafu ya saruji iliyopauka mbele yao hurudisha mwanga juu hadi machoni, na shuka jeupe likitandazwa hapo husaidia zaidi. Kivuli cha mti wenye majani machache hakifai, kwani madoa ya jua yatatapakaa usoni na hayafutiki.

Jioni ni hesabu nyingine. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke kati ya jua na upeo: ngumi moja ni nyuzi 10 hivi, yaani dakika 40 tu. Jua hutua yapata saa 12:20, na dakika 20 baadaye giza limeshaingia. Mafunzo ya Ulaya yanayosifu mwanga mrefu wa jioni yatakuponza hapa. Omba kamati iandike kwenye ratiba kwamba maharusi wanaondoka mezani saa 11:25 na kurudi saa 12:15. Hilo lisipoandikwa, MC atajaza nafasi hiyo na zawadi au hotuba, na hutamlaumu.

Sasa maua. Barabara ya Ikulu ina mijakaranda inayojulikana, lakini ulinzi ni mkali na kamera haielekezwi kwenye lango. Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu, ina utulivu zaidi. Ulizia mapema ada ya kupiga picha. Maua yenyewe huwa juu sana, kwa hiyo ukitumia lenzi pana (inayoona eneo kubwa) utapata watu wadogo na matawi mengi. Tumia lenzi ndefu ya milimita 85 hadi 135, maharusi wakae mita 5 au 6 mbele ya mti, na zambarau itajaa nyuma yao. Usiiachie kamera ichague rangi ya mwanga yenyewe: ikiona zambarau na kijani kwa wingi hupotoka. Iweke Kelvini 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), kisha tazama mabega ya gauni. Yakiwa na urujuani, ni mwanga unaodunda kutoka kwenye maua. Wasogeze hatua mbili zaidi mbali na mti. Zulia la maua chini linapendeza mno, ila yaliyokanyagwa huteleza na kuacha doa. Wapambe wawili wabebe mkia wa gauni hadi mahali pa kusimama, uteremshwe hapo mara moja tu. Nyuki nao hupenda maua hayo, basi bibi harusi asivue viatu.

Gauni jeupe kando ya ngozi nyeusi ndipo wengi huharibu kazi. Kamera ikipima gauni, nyuso huzama gizani. Ikipima suti nyeusi, shela huungua na nakshi zake hupotea. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), washa onyo la weupe uliopitiliza, punguza mwanga hadi gauni liache tu kumetameta kwenye skrini. Kisha uongeze mwanga usoni hapo hapo, kwa rifleta (ubao wa kurudisha mwanga) au flashi laini ya ubavuni. Ukingoja kuuongeza kwenye kompyuta, ngozi itatoka na chembechembe, imepauka kama iliyopakwa majivu. Ngozi nyeusi hupata uhai kwa mng'ao wa shavuni, na mng'ao huo huletwa na mwanga mpana kutoka upande.

Ndani ya tenti, angalia kitambaa cha dari kabla ya kudundisha flashi juu yake. Dari ya waridi humpa kila mgeni uso wa waridi. Ikiwa na rangi, weka flashi kwenye stendi yenye mwavuli mweupe. Taa duni za LED huleta mistari kwenye picha kwa sababu umeme wetu ni wa Hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa humeta mara mbili kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka) ya sekunde 1/100 au 1/50 huondoa mistari hiyo mara nyingi.

Mvua ikianza saa 10 jioni, usifunge begi. Beba miavuli miwili mikubwa, myeupe au ya plastiki angavu, maana mweusi humeza mwanga na wa rangi hupaka nyuso rangi yake. Giza likikaribia, simamisha flashi mita 3 nyuma ya maharusi, imefungwa mfuko wa plastiki kwa mpira, ikielekea kwako lakini imejificha nyuma ya miili yao. Kasi ya shata iwe 1/160, upenyo wa lenzi f/4. Kila tone litawaka. Piga 5 au 6, kisha warudi ndani. Tenti iliyojaa watu ina hewa ya joto na unyevu, na lenzi iliyopoa itashika ukungu papo hapo. Usiifute kwa shati. Iache dakika 10 na utumie kamera ya pili, ambayo ulikuwa umeiacha mezani ndani.