Siku moja maishani mwangu: dole gumba bovu, brashi nene na maji ya bamvua

Saa 11 alfajiri

Adhana haijaisha, mkono wangu umeshaamka kabla yangu. Dole gumba la kulia limekaza kama bawaba iliyoliwa na chumvi. Natia mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nakunja na kukunjua vidole taratibu, huku nikisikiliza kusi inavyopiga madirisha. Kusi ikiwa kali namna hii, najua karatasi itakauka upesi leo.

Mtaani kwetu maumivu yote ya viungo huitwa baridi yabisi, basi. Daktari alinieleza kuwa yangu si ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo na kuvishambulia. Yangu ni gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, kulika pale shina la dole gumba linapokutana na kifundo cha mkono. Hata asubuhi zao hazifanani: yangu hulegea ndani ya nusu saa, ile nyingine huweza kukaza saa nzima na zaidi.

Ila kilichonibadilisha ni neno la mtaalamu wa tiba ya mikono: ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, shina la dole gumba hubeba kama kilo 12. Jioni ile nilikaa nikahesabu vitu ninavyobana kwa siku. Penseli. Kifutio. Kifuniko cha tyubu. Brashi nyembamba kama njiti ya kiberiti, saa tano mfululizo, nikichora misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiponda mwenyewe kwa ustadi mkubwa.

Saa 1 asubuhi

Kufungasha. Tyubu za rangi ya maji sisafiri nazo tena. Mara moja kwa mwezi mpwa wangu huzikamua zote kwenye visahani vidogo, rangi inakauka humo, na mimi nikifika kazini nainyunyizia maji tu. Chupa ya maji anaifungua na kuifunga yeye, nusu nusu, kabla hajakwenda skuli. Begi la mgongoni, si la mkononi.

Brashi zangu zimepungua kutoka kumi na nane hadi tatu. Mpini wa ile kubwa nimeuvisha sponji ya godoro, juu yake nikazungusha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira nilipewa bure na fundi wa Darajani, aliyeniuliza, "Bi mkubwa, baiskeli yenyewe iko wapi?" Sasa mpini una unene wa ndizi kisukari na naushika kwa kiganja kizima.

Karatasi nayo imekua. Watu wengi hudhani mkono ukiuma unapunguza ukubwa wa picha. Mimi nimeona kinyume chake. Picha ndogo huchorwa na vidole, picha kubwa huchorwa na bega, na bega langu ni zima. Zamani nilifanya kazi kwenye karatasi za ukubwa wa kadi ya harusi. Siku hizi ni nusu karatasi, sentimita 38 kwa 56, ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyepesi hujikunja ikilowa na mimi sina tena mkono wa kuitandaza kwa gundi.

Saa 3

Daladala ya Bububu, nashuka Maruhubi. Sisimami kwenye magofu ya kasri la Sultani Barghash. Nimeshayachora mno, na nguzo ni kazi ya vidole. Nateremka pwani, mafundi wanakotia mashua kalafati.

"Shikamoo, Bi Mchoraji."

"Marahaba, mwanangu. Maji vipi?"

"Yanakimbia. Bamvua hilo, saa nne utaona mchanga mtupu."

Kijana ananisogezea gogo la kukalia bila kuambiwa. Alinizoea tangu siku aliponiona nahangaika na zipu ya begi langu.

Saa 4

Naweka saa ya jikoni dakika 25. Ikilia naacha, hata kama mbingu iko nusu. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote, na naivunja mara moja kwa wiki.

Ubao uko magotini. Nalowesha karatasi yote kwa sponji, kisha mkono wa kushoto unachukua brashi kubwa. Ndiyo, wa kushoto. Mbingu haihitaji mkono wenye akili. Bluu ya altramarini na siena ya kuungua, ile hudhurungi, zikikutana zinatoa kijivu cha asubuhi ya kusi. Naiweka rangi juu, nainamisha ubao, naiacha iteremke yenyewe. Nikitaka wingu liende kushoto nainamisha kushoto. Kazi iliyokuwa ya vidole sasa inafanywa na uzito wa maji.

Mchanga unafuata, mipigo minne mipana kutoka begani. Kati ya mpigo na mpigo naacha weupe wa karatasi uwe vidimbwi.

Halafu milingoti. Hapa nilikwama karibu mwaka mzima, kwani mlingoti ni mstari mwembamba na mstari mwembamba ni kubana. Dawa niliipata kwenye pochi, kadi ya benki iliyokwisha muda. Nangoja rangi ipoteze mng'ao lakini iwe bado na unyevu, nashika kadi kwa ngumi, nasukuma rangi pembeni kwa ukingo wake. Unabaki mstari mweupe mnyoofu. Ukiwahi, maji yanarudi kuufunika. Ukichelewa, kadi inakwangua bure. Kwenye upepo wa leo nafasi yenyewe haifiki dakika mbili.

Mlingoti wa kwanza ulitoka safi. Wa pili nilikuwa katikati, dole gumba likachomwa kama sindano, kadi ikaponyoka, nikaidaka na kugonga brashi ikaangukia mbinguni. Wapo wanaosema doa la rangi ya maji ni zawadi, ligeuze wingu. Hili halikuwa wingu wala kisiwa. Lilikuwa doa. Nikasema neno ambalo sitaliandika, nikageuza karatasi, na baada ya mapumziko nikaanza upya upande wa pili. Raha ya karatasi ya pamba ni hiyo, ina migongo miwili.

Saa 7 mchana

Nyumbani. Swala, wali na mchuzi wa changu, dawa ya kuchua, kisha kifunga mkono. Simu ina ujumbe: mtu amenitumia tena picha ya Renoir, mchoraji wa Kifaransa wa zamani, na mikono yake iliyopinda, "usikate tamaa". Nashukuru, lakini hii ni ya tisa. Yule mzee alikuwa na ule ugonjwa mwingine, na vitambaa mikononi mwake vilikuwa vya kulinda ngozi, si vya kufungia brashi kama inavyosimuliwa. Brashi alikuwa akiwekewa mkononi na watu wa nyumbani. Hilo la watu wa nyumbani ndilo halisambazwi.

Saa 9 alasiri

Mwenye duka la wageni amekuja kuangalia kazi. Anazipitia picha za pwani kama anayepekua karatasi za umeme.

"Bi, hii mbona haijaisha?"

"Imeisha."

"Niletee mlango basi. Mmoja tu, ule wa misumari."

Mlango mmoja ni misumari zaidi ya thelathini, mnyororo wa nakshi pembeni, na mayungiyungi. Mwaka jana nilimkubalia mara mbili, pesa ikawa nzuri, na mkono ukanilipisha wiki tatu kila mara. Leo nimempa jina la kijana mmoja mwenye vidole vizuri. Amechukua picha mbili za pwani kwa bei ya moja na nusu. Sitadanganya kuwa haikuniuma. Milango nilikuwa naijua, na nilikuwa hodari. Nimebaki na mchoro mmoja wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, roshani zote, nilioumaliza kabla sehemu ya jumba haijaporomoka mwaka 2020. Hauuzwi.

Saa 11 jioni

Maji yamejaa tena. Mpwa wangu anaosha brashi kwa sabuni huku akiikagua picha ya leo iliyoegemezwa ukutani.

"Shangazi, mashua ya yule fundi iko wapi?"

Namwonyesha mikwaruzo miwili myeupe na kivuli kimoja chini yake. Anainamisha kichwa, anarudi nyuma hatua mbili hadi mlangoni.

"Aa. Kumbe imelala ubavu."

Natia sahihi kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kama za mtoto wa chuoni wiki ya kwanza. Kesho maji yatatoka kama dakika 50 baadaye kuliko leo, kwa hiyo beseni linaweza kungoja kidogo.