Ukoko ule mweupe kwenye mashua

Mnaouona ule ukoko mweupe chini ya mashua mkadhani ni chokaa tu, wale ni wanyama, briozoa, kundi zima limeshikana. Leo Matondoni, kijiji cha Lamu, kuna mashua imepandishwa kukwanguliwa. Nikaomba kipande, nikakitia kwenye kikombe cha maji ya bahari, lenzi mkononi. Vijumba vimebanana, kimoja hakifiki milimita 1, kuta ngumu, mlango una kifuniko. Nikatulia. Kifuniko kikainuka, likatoka shada la minyiri myembamba mno, inasukuma maji na chakula kuelekea mdomoni. Utumbo umepinda kwa umbo la U, kwa hiyo njia ya haja iko karibu na mdomo, ila nje ya shada (afadhali!). Moyo hana, matamvua ya kupumulia hana. Nikatikisa kikombe kidogo tu, wote wakajifungia. Fundi ananitazama: “Sasa mwanangu, hao huliwa?”