Vitz mjini, Vitz barabara kuu: uzito, tairi na hesabu ya kuovateki

Ukitangaza tu kuwa unanunua Vitz, Passo au Honda Fit, hakosekani mtu wa kukuambia: "Hilo kopo, ukigongwa umekwisha." Anayesema hivyo hajakosea kabisa, ila tuanze na hesabu yenyewe ili ujue hatari iko wapi.

Chukua Vitz ya kilo 1,000 na gari la kilo 2,000, yote yakiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, yagongane uso kwa uso na kushikana. Yataendelea kusogea kuelekea alikokuwa anakwenda yule mzito, kwa kilomita 17 hivi kwa saa. Mzito amepungukiwa kilomita 33. Vitz imesimamishwa kutoka 50, kisha ikarudishwa kinyumenyume kwa 17, jumla 67, na yote hayo kufumba na kufumbua. Kishindo anachopata dereva wa Vitz ni maradufu ya kile cha mwenzake, hata kama magari yote mawili yameundwa vizuri.

Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, iligonganisha Toyota Yaris na Camry, Honda Fit na Accord, Smart na Mercedes C-Class, kila gari likiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Yaris ile ndiyo Vitz ya toleo la pili, lililotoka 2005, ambayo imejaa mitaani kwetu. Magari madogo yote matatu yalikuwa na alama nzuri za kugonga kizuizi, lakini mbele ya gari zito yote yakapewa alama ya chini kabisa. Mlango wa dereva wa Yaris karibu unyofoke wote. Kwa hiyo ukisoma nyota za usalama za gari dogo, zilinganishe na za magari ya uzito wake tu. Nyota tano za Vitz si sawa na nyota tano za Prado.

Ndani ya jiji, kwenye foleni za kilomita 20 au 30 kwa saa, tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Mikanda ikishika na eabegi zikiwa hai, Vitz inatosha. Tena ni rahisi kupaki, injini yake ya lita 1 ina cheni badala ya timing belt, na oili ni lita tatu na kidogo. Gari refu lenye bodi juu nalo lina ugonjwa wake: ukikata usukani ghafla kumkwepa mbuzi, linapinduka kirahisi kuliko kigari kilicho chini.

Kirikuu, yaani kile kipikapu kidogo cha mizigo, iko peke yake. Sheria ya Japani inayaruhusu magari ya aina hiyo urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48, injini ya cc 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Hapa kwetu hupakiwa ishirini, juu ya tairi za inchi 12 na breki zilizopimwa kwa mifuko saba. Kwenye Suzuki Carry injini iko chini ya siti, kwa hiyo mbele ya magoti ya dereva kuna bati na bampa tu. Ibaki mtaani na sokoni.

Hatari kubwa ya kigari iko kwenye barabara ya mkoani, hasa wakati wa kuovateki. Lori lina mita 18 na linakwenda 60. Wewe unakwenda 80. Ongeza urefu wa gari lako, mita 4 hivi, na nafasi ya mita 15 nyuma ya lori na 15 nyingine mbele yake, unahitaji kulipita kwa mita 52. Unalipita kwa mita 5.5 tu kila sekunde, kwa hiyo utakaa upande usio wako zaidi ya sekunde 9, na muda huo utakuwa umekula mita 210 za barabara. Basi linalokuja kwa 80 nalo limekula 210. Jumla ni mita 420 za barabara tupu unayoiona kwa macho. Hapo ni kama tayari una 80. Vitz ya lita 1 yenye watu watano, AC na mabegi, kwenye mlima kama Kitonga, haiifikishi hiyo 80. Zima AC, kaa nyuma ya lori, usubiri. Usiku usijaribu kabisa.

Kabla ya kulipa, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameificha. Ikibaki inawaka, mfumo ni mbovu. Vuta kila mkanda kwa ghafla uone kama unakamata, kisha uvute taratibu hadi mwisho. Mkanda uliolegea usiorudi huenda ulishafyatuka kwenye ajali. Angalia pia namba ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwani baadhi ya Vitz na Honda Fit ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya eabegi za Takata. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na hali ya hewa ya Tanga, Dar na Mombasa ndiyo hiyohiyo. Ikilipuka vibaya, hurusha vipande vya chuma usoni.

Tairi: tafuta tarakimu nne ubavuni. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ukiona neno STUDLESS, hizo ni tairi za theluji zilizokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake laini huisha upesi kwenye lami ya moto, na mvua ikinyesha gari huchelewa kusimama. Zitoe, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nene.

Wengi huweka spesa za kunyanyua gari ili sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, isigonge matuta. Sentimita moja au mbili hazina tabu sana, lakini ukizidisha, ekseli za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda, raba zinazoshika grisi hupasuka, mchanga huingia, na baada ya muda utasikia "ka-ka-ka" ukikata kona. Ukishanyanyua, peleka gari alaimenti na urekebishe taa za mbele, maana zitakuwa zinampiga machoni anayekuja.