Mteremko wa Mweka: nilivyoandaa mapaja kwa kilometa 21 za Moshi

Wanaokimbia nusu marathoni ya Kili pale Moshi wengi wanaogopa kupanda kwenda Mweka, mimi nasema ogopeni kushuka. Ukipanda pumzi ndo inakata lakini inarudi. Ukishuka pumzi unayo tele, ila kila ukikanyaga msuli wa mbele ya paja unajikaza kukuzuia huku wenyewe unavutwa urefuke, na hapo ndo nyuzi za misuli zinachanika vidogo vidogo. Siku hiyo husikii kitu, maumivu yanaanza kesho yake, na siku ya pili au ya tatu hata kushuka ngazi ni shughuli.

Wengi wanasema ni asidi ya laktiki, ile misuli inayoitoa ikifanya kazi kwa nguvu, imeganda miguuni, sio kweli jamani, hiyo mwili unaisafisha ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, kesho yake haipo tena.

Na shida sio kuuma tu. Misuli ikiwa hivyo inapungua nguvu kweli, goti halikunji vizuri, hatua zinakuwa fupi, mwendo uleule wa juzi leo unauona mzito, ukianza kuchechemea mzigo unahamia kwenye magoti na nyonga.

Basi kwenye maandalizi nikaweka mazoezi ya kushuka, wiki kadhaa kabla ya mbio. Vimteremko vifupi, hatua fupi za haraka, sijirudishi nyuma kama nafunga breki. Mara ya kwanza iliuma, nikasubiri itulie kabisa ndo nikarudia, na aisee mteremko uleule safari hii haukuuma hata nusu. Misuli ikishaonja kushuka inajikinga, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa kwa hiyo hakuna haja ya kushuka kila siku. Karibu na mbio niliacha kabisa ili miguu iwe myepesi.

Siku yenyewe nilishuka toka Mweka nawapita watu walionipita kwenye kupanda, nilifurahi sana!

Zile siku zinazouma natembea au naendesha baiskeli polepole, nakula maharage na mayai, nalala mapema. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya kukimbia hapana, ukichanganya na jasho jingi na upungufu wa maji figo zinaumia. Na baada ya mbio mkojo ukitoka rangi ya kola, misuli imevimba na inauma kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.