Mfalme wa Rumi aliyeandika habari za mitumbwi

Mwaka 916, al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, aliposafiri baina ya Oman na Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kuwa ndicho Pemba yetu, mfalme wa Rumi ya Mashariki (Bizanti) kule Constantinople, Istanbul ya leo, alikuwa mtoto ambaye hata kubaleghe hajabaleghe. Al-Masudi aliandika habari za pwani hii na za wafalme wa Rumi pia, na yule mtoto naye akaja kuwa mwandishi. Sisi watu wa visiwani, ambao mengi ya karne ile tunayapata kwa wasafiri wachache tu, tuna haki ya kumthamini mtawala aliyejishughulisha na kalamu.

Mtoto huyo, Constantine wa Saba, alizaliwa kasrini mwaka 905, wazazi wake, Leo wa Sita na Zoe Karbonopsina, wakiwa bado hawajaoana. Leo alikwishafiwa na wake watatu, kanisa likimkatalia ndoa ya nne. Alipooa hata hivyo, Patriaki Nicholas, mkuu wa kanisa, alimzuia mlangoni mwa kanisa. Baba alifariki mwaka 912, ami yake Alexander akamfuata mwaka 913, na baada ya mivutano ya walezi ikaja zamu ya amiri wa majeshi ya majini, Romanos Lekapenos, aliyemwoza binti yake Helena mwaka 919 na mwaka uliofuata akavikwa taji yeye mwenyewe. Kwa takriban miaka 24 mkwe alitawala, naye Constantine akabaki na jina la ufalme, vitabu na michoro yake.

Romanos alipinduliwa na wanawe Desemba 944, na mwezi uliofuata wanawe nao wakaondolewa. Hapo ndipo Constantine alipotawala peke yake, hadi alipofariki Novemba 959. Vitani hakung'ara: msafara wa mwaka 949 wa kuitwaa Krete ulishindwa. Ila sheria yake ya mwaka 947, iliyowaamuru wenye nguvu wawarudishie wakulima mashamba waliyojitwalia tangu ashike utawala, naiona ni ya heshima kubwa.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni kitabu cha mawaidha ya utawala alichomwandalia mwanawe, aliyeitwa Romanos kama babu yake. Humo anamwambia wazi kwamba hakutaka kuonyesha ufasaha wa Kigiriki cha kale, bali ametumia maneno ya kila siku ili aeleweke. Sura ya tisa inawaeleza Warusi wa Kiev na safari yao ya kushuka mto Dnieper. Waslavi hukata miti wakati wa baridi na kuchonga mitumbwi ya gogo moja, barafu ikiyeyuka huiteremsha hadi Kiev kuiuza, na Warusi wakainunua na kuitia makasia. Kisha yanafuata maporomoko saba, moja moja na jina lake kwa lugha mbili. Penye la nne, lililo kubwa kuliko yote, huteremka nchi kavu, mitumbwi huburutwa au kubebwa mabegani, watumwa huongozwa kwa minyororo, na walinzi hukaa macho kwa kuwahofia Wapechenegi, wahamaji wapiganaji wa nyika zile. Wakishavuka hatari hufika kisiwa chenye mwaloni mkubwa, huchinja majogoo chini yake, na kwa majogoo mengine hupiga kura kama wayachinje, wayale au wayaache hai. Mfalme Mkristo aliyaandika yote hayo bila neno la dharau.