Winchi Juu ya Mnara: Safari Yangu ya Kanisa Kuu la Köln

Treni ya mwendo kasi kutoka Frankfurt ingenifikisha Köln, magharibi mwa Ujerumani, kwa muda wa saa moja na ushei, lakini nilipanda ile ya polepole inayopita Koblenz na kufuata ukingo wa kushoto wa Mto Rhine, kwa sababu nilitaka kuliona jiwe la kanisa hilo mahali lilipotoka kabla ya kuliona mahali lilipopelekwa. Muda mfupi kabla ya Bonn, ng'ambo ya mto, kilijitokeza kilima cha Drachenfels, chenye magofu ya ngome kileleni na ubavu uliomeguka. Huko ndiko mafundi wa karne ya 13 walikokata trakiti, jiwe la volkano lenye rangi ya kijivu, wakaliteremsha hadi mtoni na kulipakia katika vyombo vilivyofuata mkondo hadi Köln.

Stesheni kuu ya Köln imejengwa ubavuni kabisa mwa kanisa, hata mgeni hapati nafasi ya kulikaribia polepole. Unatoka mlangoni, unainua kichwa, na minara miwili yenye urefu wa mita 157 imekwisha kukusimamia. Picha zote nilizokuwa nimeziona hazikunitayarisha kwa weusi wake. Moshi wa makaa ya mawe wa treni na viwanda, pamoja na mvua iliyochanganyika na moshi huo, umeyapaka mawe masizi kwa zaidi ya miaka 100, na hapa na pale jiwe jipya lililobadilishwa juzi linang'aa kama jino la bandia.

Chanzo cha jengo hili ni mifupa. Mwaka 1164 askofu mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milano masalia yaliyoaminika kuwa ya Mamajusi watatu, wale walioifuata nyota hadi Bethlehemu, naye alikuwa amepewa na mfalme Frederick Barbarossa baada ya Milano kushindwa vitani. Mahujaji walifurika, kanisa la zamani likaonekana dogo, na lilipoungua mwaka 1248 hapakuwa tena na sababu ya kusita. Tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, askofu mkuu Konrad von Hochstaden aliweka jiwe la msingi, na kazi akakabidhiwa fundi mkuu aliyeitwa Gerhard, ambaye mfano wake alikuwa ameuona Ufaransa, hasa katika kanisa kuu la Amiens.

Ni vigumu kuuelewa mtindo wa Kigothi, ule wa Zama za Kati uliotumika kulijenga kanisa hili, kwa kusimama nje, kwa hiyo niliingia. Ukumbi una urefu wa mita 144, na dari yake ya mawe iko mita 43 juu ya sakafu, ilhali kuta zake kwa sehemu kubwa ni vioo. Swali linalomjia mtu yeyote aliyewahi kujenga hata banda la kuku ni hili: uzito wa dari hiyo umebebwa na nini? Tao la mviringo husukuma kuta kwa nguvu kuelekea nje, kwa hiyo hudai kuta nene zenye madirisha madogo. Tao lililochongoka huuelekeza uzito zaidi chini kuliko pembeni. Juu ya matao hayo mafundi walipitisha mbavu za mawe zinazoukusanya uzito wa dari na kuupeleka kwenye nguzo, kama mito midogo inavyokusanya maji ya bonde. Msukumo unaobaki hupokewa nje na mihimili ya mawe iliyopinda hewani kama mikono, ambayo huuhamishia kwenye nguzo nzito zilizosimama mbali na ukuta. Ukuta ukishatuliwa mzigo, unaweza kugeuzwa kuwa kioo. Nimekua nikiyatazama matao yaliyochongoka ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, ambalo wamisionari wa Kijerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, nami nilidhani siku zote kwamba ni mapambo. Hapa ndipo nilipotambua kwamba umbo lile lilizaliwa kwa ajili ya kubeba.

Sehemu ya mashariki, yenye altare kuu, ilitabarukiwa mwaka 1322. Upande wake wa magharibi ulizibwa kwa ukuta wa muda ili ibada ziendelee wakati mafundi wanamalizia kazi iliyosalia. Ukuta huo wa muda ulibomolewa mwaka 1863. Mafundi waliupandisha mnara wa kusini hadi ghorofa kadhaa, kisha fedha zikapungua, nyakati zikabadilika, na katika karne ya 16 kazi ikasimama kabisa. Juu ya kisiki cha mnara ilibaki winchi ya mbao, na iliendelea kusimama pale hadi mwaka 1868, vizazi vingi vikizaliwa na kufa vikiiona kama sehemu ya sura ya mji. Kwetu kila mtaa una nyumba iliyoishia kwenye linta, nondo zikichungulia juu na nyasi zikiota sebuleni, na mwenye nyumba akiulizwa hujibu kwamba ujenzi unaendelea. Watu wa Köln walitoa jibu hilo kwa muda wa karibu miaka 300.

Kilichofufua kazi kilikuwa mchoro. Mwaka 1814 nusu ya mchoro wa uso wa magharibi, uliochorwa kwenye ngozi katika Zama za Kati, ilipatikana Darmstadt, na miaka miwili baadaye nusu ya pili ikapatikana Paris. Zikiunganishwa zina urefu wa zaidi ya mita 4, na zinaonyesha minara yote miwili hadi ncha. Mwaka 1842 Friedrich Wilhelm IV, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ambaye hata hakuwa Mkatoliki, aliweka jiwe la kuanza upya, na wananchi waliojiunga katika chama cha ujenzi wakachangia sehemu kubwa ya gharama. Kanisa lilikamilika mwaka 1880, miaka 632 baada ya jiwe la kwanza, na kwa miaka michache likawa jengo refu kuliko yote duniani. Mafundi wa karne ya 19 waliufuata mchoro wa kale kwa uaminifu, lakini juu ya dari ya mawe, pasipoonekana na waumini, waliweka kenchi za chuma. Nadhani Gerhard angewaonea wivu.

Sanduku la Mamajusi, la dhahabu na fedha, linalohusishwa na mfua dhahabu Nicholas wa Verdun, limewekwa nyuma ya altare kuu, na umati ulikuwa mkubwa mno kwangu kukaa. Nilitumia muda mrefu zaidi chini ya dirisha la upande wa kusini lililobuniwa na msanii Gerhard Richter mwaka 2007: vipande vya mraba zaidi ya 11,000 katika rangi 72, bila mtakatifu wala malaika. Askofu mkuu wa wakati huo, Joachim Meisner, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini. Kwa mtu aliyelelewa pwani, maneno hayo yanasikika kama sifa. Jua lilipotoka, sakafu nzima ilijaa madoa ya rangi, na mtoto mmoja akaanza kuyaruka moja baada ya jingine hadi mama yake alipomshika mkono.

Siku ya pili nilipanda mnara wa kusini, ambao una ngazi 533 zinazozunguka katika kijia chembamba ambamo wanaopanda na wanaoshuka hulazimika kubanana. Hesabu ilinipotea kabla ya 200. Katikati nilipumzika karibu na kengele ya Mtakatifu Petro, yenye uzito wa tani 24, iliyosubuliwa mwaka 1923, ambayo hupigwa katika sikukuu kubwa tu. Nilishukuru kwamba ilikuwa Jumanne ya kawaida.

Niliposhuka nilizunguka nje kuitafuta nguzo ya mnara wa kaskazini iliyopigwa bomu mwaka 1943. Wakati wa vita jeraha hilo lilizibwa haraka kwa matofali ya kuchoma, na kwa miongo kadhaa yalibaki wazi kama kiraka kwenye kanzu, mpaka yalipofunikwa kwa mawe yaliyochongwa upya, kazi iliyokwisha mwaka 2005. Ningependa wangeyaacha. Kabla ya kurudi stesheni niliegemea ukuta wa sehemu ya mashariki, nikapapasa trakiti ya Drachenfels, ambayo ukiitazama kwa karibu ina chembe nyeupe kubwa kama kucha. Jioni ilikuwa inaingia. Juu sana kwenye mnara wa kaskazini palikuwa na jukwaa la mafundi limening'inizwa, na ndani yake taa ilikuwa bado inawaka.