Bodi moja ya kaiti, kaskazi na kusi: vile nilivyoipata

Jamani nimechoka kusikia vijana wa huku ufuoni, wale wa kuteleza juu ya maji wakiwa wamesimama kwenye bodi na kuvutwa na kaiti, wakiambiwa lazima uwe na bodi mbili, kubwa ya kaskazi na ndogo ya kusi, eti bila hivyo utakaa mchangani ukiangalia wenzako. Mimi ninayo moja tu. Naipanda huku Nyali, Mombasa, Januari kwa kaskazi, naipanda Julai kwa kusi, na haijawahi kuniacha nyumbani siku ya upepo. Hata mtu akinipa pesa za bodi ya pili leo nitaongezea kaiti.

Nina kama kilo 80. Nilipoanza kutafuta bodi yangu kila mtu alikuwa mwalimu. Jamaa mmoja anayefundisha akaniambia, "Kaka, wewe una mwili, chukua ya sentimita 150 kwa 45, bapa kabisa, itakuinua hata upepo ukiwa kidogo." Mwingine akasema wacha hio, chukua 132 ya kaboni, ngumu, ndio wanayorukia mabingwa. Na wote wawili walikuwa wanauza bodi hizo hizo walizokuwa wanazisifu. Nikawaambia sawa, nikopesheni nipande kwanza, na hapo nashukuru walikubali.

Ile kubwa nilianza nayo mwisho wa kaskazi na sitaisema vibaya pale inapostahili sifa. Upepo wa noti 12 au 13, yaani hata kilomita 25 kwa saa haufiki, na mimi na uzito wangu nateleza juu ya maji, naenda joshi, yaani kule upepo unakotoka, bila shida, wenye bodi ndogo wanazama na kurudi kwa miguu. Sasa ngoja kusi iingie. Siku hio ya Julai upepo ulikuwa umepita noti 22, maji yamejaa, na anayejua Nyali anajua maji yakijaa mawimbi yanavuka mwamba yanaingia mpaka ndani, hakuna tena maji tulivu ya kupwa. Ile bodi bapa ikawa inapiga kila wimbi kwa tumbo, pa pa pa, maji yananirukia machoni sioni kitu, nakandamiza kisigino niikate kwa ubavu haikatiki kwa sababu upana wa sentimita 45 unataka mguu wenye nguvu ajabu kuulaza, na kaiti nayo inanivuta. Nikawa nateremka tu na upepo. Nikageuka huku, nikageuka kule, kila nikigeuka niko kaskazini zaidi, hoteli nilizozizoea zimepita moja baada ya nyingine, nikaja kutokea Bamburi magoti yakitetemeka. Nikakunja kaiti nikarudi kwa miguu na bodi kichwani, mbali vile, na wauza madafu wote njiani wananiuliza kulikoni. Mwenyewe nilipomrudishia akaniambia "utaizoea". Kuzoea nini?

Ya kaboni hadithi yake fupi. Kusi ilinipendeza, inauma maji vizuri sana. Upepo ukipungua inazama, na ule ugumu wake magoti yanausikia mpaka kesho yake.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza, na ndicho cha kwanza ningemwambia mtu, ni kwamba nguvu inatoka kwa kaiti. Bodi haikuongezei upepo. Upepo ukiwa mdogo unapandisha kaiti ya mita 12 za mraba, ukiwa mkali unapandisha ya 9, na bodi inabaki ile ile. Kwa hivyo pesa ya ziada iende kwa kaiti. Halafu watu wanataja urefu tu, 138, 140, 145, wakati upana ndio unaosikika mguuni zaidi. Na kuna ule mpindo wa ncha, yaani ncha za bodi zinavyoinuka juu. Bodi bapa inaelea mapema na inaenda mbio, lakini kwa mawimbi inakupiga. Iliyopinda sana ni laini juu ya mawimbi na inashuka vizuri ukiruka, ila inasukuma maji mbele na inakula upepo. Mtu wa bodi moja anataka ya katikati, kwa mpindo na kwa ugumu pia: ncha zinalegea kidogo kumeza mawimbi, pale kati ya miguu iwe ngumu.

Sasa utajuaje dukani au kwa mtu anayeuza, na kila mmoja anasema yake ndio ya katikati? Hapa ndipo najivunia. Nilichukua kreti mbili za soda, nikazipanga barazani kwetu Kisauni kwa kipimo kimoja, bodi nimeitoa mapezi, vile visu vidogo vya chini yake, naiweka juu ya kreti, ncha huku ncha huku, halafu katikati naweka mtungi wa maji wa lita 20. Maji lita 20 ni kilo 20, hayabadiliki, si kama mtu anayekandamiza kwa mkono akakwambia "unaona inavyopinda?" Kisha napima kwa tepu imeshuka kiasi gani. Ile ya kaboni nusu sentimita, ile kubwa zaidi ya mbili. Mpindo nao, nailaza bodi kwenye sakafu ya tailsi, naona ncha zimeinuka kiasi gani. Nikawa naomba bodi za marafiki, zile zinazopendwa na zile zinazolalamikiwa, napima na kuandika kwenye simu, mama anauliza hawa watu wa mbao wanaisha lini. Bodi ambazo wenyewe wanazipenda misimu yote zilishuka sentimita moja na kidogo, na ncha zimeinuka karibu nne.

Basi Machi, kaskazi inapoisha, watalii wanaanza kurudi kwao na hawataki kulipia mizigo ya ndege. Nunua wakati huo, si Disemba. Nikapata 140 kwa 42, mti ndani, fiba nje, shilingi elfu thelathini na kitu pamoja na mikanda ya miguu, mpya ingenitoka mara mbili au zaidi. Yule bwana alishangaa kuona nimekuja na tepu, lakini aliniacha nipime. Nikaigonga kwa vifundo vya vidole kote, pakilia tofauti ujue huenda maji yameingia kwenye mti. Nikaangalia ukingo wa plastiki haujaachana, nikafungua kila skrubu mwenyewe kwa sababu chumvi ikishashika huko ndani hata fundi hatoi. Sasa hivi nazifungua mara kwa mara na kupaka grisi. Na bodi isilale juani saa sita, tafadhali.

Mapezi, hilo nilifunzwa na ami mmoja mvuvi, hajawahi kushika kaiti maishani mwake. Nilimkuta anaburuta ngalawa, nikampa shikamoo, akaitazama bodi akauliza, "Marahaba mwanangu, na maji yakipwa hivi visu vyako vinapita wapi?" Bamvua huku kwetu maji yanashuka zaidi ya mita tatu, ndani ya mwamba inabaki nyasi, mawe na wale wadudu wa baharini wenye miiba. Nilikuwa na mapezi ya sentimita 5, nikatafuta ya 4 nikayafunga kwa siku za kupwa, na bodi ya upana wa 42 inashika kwa ubavu vizuri tu hata mapezi yakiwa mafupi.

Binamu yangu wa Mtwapa ana kilo 60, nimempimia kwa kreti zile zile, anapanda 134 kwa 40 na kaiti zake ni 7 na 10. Ukiwa na kilo 90 kwenda juu angalia 144 kwa 43. Na muuzaji akikataa usiweke mtungi juu ya bodi yake, tafuta mwingine, Machi wako wengi.